Kiungo cha Nne

Alfajiri ya Alhamisi, siku ya kufungua daraja, Heche alikuwa amesimama ndani ya mto Nyansisine, maji yakimfika kiunoni, anapaka mafuta ya taa kwenye kiungo cha nne cha vyuma vya daraja hilo. Alipaka kwa kitambaa, akasubiri, akafuta mpaka chuma kikakauka. Kisha akachota unga wa chokaa kwenye kopo, akaupaka juu ya mshono kwa kidole, mwembamba, mweupe, kote. Akangoja tena.

Chuma kizima hakirudishi mafuta. Chenye ufa hunywa, halafu hutapika taratibu kwenye chokaa. Hilo alifundishwa na Mhindi mmoja, msimamizi wa karakana ya machimbo ya dhahabu, enzi hizo machimbo yanafanya kazi. Heche hakumaliza darasa la pili. Alichokijua alikijua kwa macho na mikono.

Mstari ukatokea. Ulianza pembeni mwa mshono, mweusi, mwembamba kama unywele, ukapanda juu ya chuma urefu wa kidole cha kati, ukaishia gizani chini ya mbao. Aliutazama mpaka miguu ikafa ganzi. Alikuwa ameuomba usitokee, na hakuwa mtu wa kuomba tangu mke wake afe.

Saa nne mgeni rasmi kutoka mkoani angefika ng'ambo kwa Landrova. Lori la wilaya lingevuka kumlaki, limejaa wanawake wa ngoma, thelathini na wawili, ili picha ipigwe. Hesabu hiyo Heche aliijua kwa sababu kiongozi wa ngoma alikuwa shemeji yake.

Na daraja lenyewe nani alilitaka kumshinda yeye? Mwaka wa sabini na nne waliwahamisha watu kutoka kwenye mashamba yao ya zamani, wakawaleta ng'ambo hii ya mto, wakaambiwa huku kuna shule, kuna zahanati, kuna bomba, na daraja linakuja. Walikuta nyasi. Masika yaliyofuata, Efrazia mke wa Heche alishikwa na uchungu, mtoto akakaa vibaya. Wanaume sita walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka hapa ukingoni. Mto ulikuwa umejaa. Wakangoja siku ile, wakangoja na ya pili, hospitali ya misheni iko ng'ambo, wingu liko milimani, maji hayapungui. Siku ya tatu walimrudisha kwa kitanda kilekile, na Heche hakuwa na haja ya kutembea haraka tena. Wakubwa walileta rambirambi na ahadi. Ahadi zilikaa mwaka mzima bila kuoza wala kuota.

Halafu reli zikaja. Reli chakavu, zimebebwa kwa lori kutoka huko kwenye njia ya treni, zina kutu nyekundu. Mihimili ya daraja hakuna, walisema, nchi haina fedha za kigeni, tumieni hizi. Mwenyekiti wa kijiji akamkumbuka Heche, akatumwa mtu Nyarero, ambako Heche alikuwa amerudi kwa ndugu zake kulala na kuamka. Wakamwambia kuna mashine ya kuchomelea ya dizeli, kuna vijiti vyake, njoo. Alikuja siku hiyohiyo.

Kuta za mawe zilikuwa tayari pande zote mbili, na nguzo ya mawe katikati ya mto. Lakini mto ulikuwa mpana kuliko reli, kwa hiyo kila mhimili kati ya miwili, wa reli mbili zilizolaliana, ilibidi uungwe mahali pawili. Viungo vinne. Kazi ya siku mbili, alisema Katibu Tarafa.

"Kazi ya siku nane," alisema Heche.

Katibu Tarafa aliitwa Hezekia, kijana wa miaka ishirini na saba, ametoka chuoni, shati lake la mikono mifupi lina mifuko minne na kila mfuko una kalamu. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa mtu wa tarehe.

"Siku nane kwa nini, mzee?"

Heche aliwasha jiwe la kunolea la mashine, akagusisha kipande cha nondo ya kawaida. Cheche zikatoka ndefu, nyoofu, chache. Akagusisha reli. Cheche zikapasuka, kila moja ikizaa nyingine, kama kichaka kinachoungua.

"Chuma kina makaa ndani yake," akasema. "Hiki kina mengi."

Yule Mhindi alikuwa amemwandikia hesabu kwa chaki ukutani, na Heche, kwa kuwa tarakimu zilimkimbia, aliigeuza kuwa mifugo, kama wazee wanavyokaa kuhesabu mahari. Makaa ni ng'ombe. Manganizi, madini yanayochanganywa na chuma, nayo inafanya chuma kiwe kigumu, lakini kwa unyonge, hiyo ni mbuzi: sita wanahesabiwa ng'ombe mmoja. Kromi, madini mengine, ni kondoo, watano kwa ng'ombe. Unahesabu zizi lote, unalipa kwa ng'ombe. Nondo ya kawaida ina ng'ombe wawili na mbuzi sita, basi watatu. Chomea tu. Wakifika wanne, anza kufikiria moto. Reli ina ng'ombe saba na mbuzi kumi hivi, ni karibu tisa. Mwenye ng'ombe tisa humwendei mikono mitupu. Unampasha moto kwanza, polepole, unachomea akiwa na joto, halafu unamfunika apoe kwa hiari yake. Ukimchomea baridi, mshono unapoa ghafla, chuma kilichouzunguka kinakauka kama kigae, na unyevu ulioingia na kijiti unatafuta njia ya kutokea. Hautoki leo. Unatoka kesho, au keshokutwa, na unatokea kwa kupasua.

Moto wenyewe ulikuwa wa mavi makavu ya ng'ombe. Kuni huwaka kwa hasira na kuzimika. Mavi makavu hukaa na joto moja tangu asubuhi mpaka jioni, kila mchungaji anajua. Watu walibeba kwa matenga, wakayatandaza juu ya bati chini ya kiungo, wakapuliza. Heche alikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Alikikwaruza kwenye chuma: alama ikibaki nyeupe, bado, ikigeuka kahawia ya kuungua, anashusha kioo cha kuchomelea usoni na kuanza, na hasimami mpaka amalize. Vijiti vilikaangwa kwanza kwenye chungu, vikauke. Baada ya hapo jivu la moto juu, na bati, na nyasi, mpaka kesho yake.

Kijiji kilimcheka sana. "Mzee Heche anaipikia reli uji," walisema. "Anaifunika kama mzazi aliyetoka kujifungua." Hilo la mzazi alilisikia, akaendelea kukoroga jivu.

Viungo vitatu viliisha hivyo. Siku ya Jumanne, cha nne kikiwa kimeanza kupata joto la kwanza, Hezekia aliwachukua watu wote waende kupaka mawe ya barabarani chokaa na kujenga tao la majani. Moto ukafa. Manyunyu yakaanza. Hezekia akaja ukingoni na mwavuli.

"Chomea, mzee."

"Sabuni bado nyeupe."

"Mzee Heche, mashine inaondoka na lori Alhamisi jioni, inahitajika mahali pengine. Mgeni anakuja Alhamisi. Hapa katikati hakuna siku ya kupika mavi. Chomea, au nimwite mtu mwingine achomee."

Na Heche alichomea. Hili ndilo lililokuwa limemkaa kooni siku mbili. Alijua, akachomea, kwenye chuma baridi, kwa vijiti vilivyolowa, kwa sababu alilitaka daraja, na kwa sababu mtu mwingine angechomea vibaya zaidi. Jumatano asubuhi Hezekia alishuka na nyundo ndogo, akagonga, chuma kikalia vizuri kama kengele ya shule. "Si unaona?" akasema. Unyevu ulikuwa bado unatafuta njia.

Sasa umeipata.

"Shemeji, unaoga au unatega kambare?"

Mokami alikuwa amesimama ukingoni na ndoo, dada mkubwa wa marehemu Efrazia, mwanamke wa mifupa mikubwa ambaye hata akinong'ona anasikika boma la tatu. Njuga za ngoma alikuwa amekwisha kuzifunga miguuni.

"Njoo uone," akasema Heche.

Aliteremka, akainama chini ya mbao. Akaangalia mstari kwa muda. Hakuuliza ni nini.

"Umefanyaje mpaka kikawa hivi?"

"Wale waliwachukua watu wangu wakapake mawe chokaa. Wakazima moto. Wakaniambia..."

"Nimekuuliza wewe umefanyaje."

Heche akafuta chokaa kidoleni. Maji yakapita.

"Nilikichomea baridi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na leo mimi napanda lori." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Na Agustina, na yule mke wa Waitara mwenye mtoto mgongoni. Ulikuwa unangoja tufike katikati ndipo upake chokaa?"

"Ndiyo maana nimekuja alfajiri, Mokami."

"Umekuja alfajiri kujionea. Umemwambia nani?"

"Nikimwambia Hezekia, reli zitaondolewa. Atasema fundi hafai, daraja halifai, zipelekwe kijiji kingine. Tutangoja miaka mingine. Wewe ulikuwepo siku ile. Ulikuwa umemshika kichwa."

"Nilikuwepo," akasema Mokami. Akajaza ndoo, akaipandisha kichwani mwenyewe. "Nenda ukamwambie. Mimi bado sijawaambia wenzangu. Nakupa mpaka lori lipige honi."

Hezekia alikuwa chini ya tao la majani, anamwelekeza mgambo mmoja, Werema, pa kufunga bendera.

"Shikamoo mzee. Mbona umelowa hivyo siku ya sherehe?"

"Marahaba. Njoo darajani."

Alikuja, kwa kuwa uso wa Heche haukumpa nafasi ya kukataa. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini akinyanyua miguu kama kuku. Akautazama mstari. Kisha akaupitisha kidole gumba, chokaa ikatoka, mstari ukatoka nao.

"Ni mafuta."

"Mafuta yametoka wapi?"

"Umepaka wewe."

"Nimepaka kote. Mbona yametoka hapo peke yake? Paka tena uone."

Hezekia hakupaka. Alisimama amekishika kidole chake kilichochafuka, kama mtoto aliyechovya mahali. "Nilikigonga jana. Kililia."

"Jana kilikuwa kizima. Chuma cha namna hii hukatika kikishapoa siku mbili. Nilikwambia."

"Uliniambia siku nane. Hukuniambia kitakatika."

"Nilikwambia sabuni bado nyeupe."

"Mimi nijue sabuni?" Sauti yake ilipanda, akaangalia juu kama kuna anayesikia. Aliposema tena ilikuwa chini. "Mzee, nikueleze kitu. Taarifa ya daraja hili ilishakwenda mkoani mwezi uliopita. Imeandikwa limekamilika. Mgeni haji kuona kama liko tayari. Anakuja kwa kuwa liko tayari."

Heche alimtazama. Kumbe wakati yeye anahesabu cheche, daraja lilikuwa limekwisha kujengwa kwa wino.

"Basi mwache mgeni akate utepe. Akate, apige picha, avuke kwa miguu, mbao zitamshika. Gari lisipite. Nipe watu na siku mbili, nikate ufa, nipashe moto, nichomee upya."

"Lori liko kwenye ratiba."

"Ratiba haibebi lori."

"Paka rangi," akasema Hezekia. "Kuna rangi nyeusi kwenye pipa. Paka kiungo hicho na vingine vifanane. Kutoka hapa mpaka ng'ambo ni dakika moja, mzee. Dakika moja tu kitashika. Kesho tutaona."

"Na kesho mashine imeondoka."

Hezekia alikuwa amekwisha kutoka majini. Akiwa anavaa viatu, bila kumwangalia, akasema: "Uangalie maneno yako leo. Siku hizi mtu akisema daraja la wananchi ni bovu, watu huuliza nani alilifanya bovu. Kuna jina la jambo hilo. Hujuma. Fundi alikuwa mmoja."

Jua lilikuwa limepanda. Heche akapita kwa dereva wa lori, Nyangwine, mtu mnene aliyekuwa anakula muhogo ameegemea tairi.

"Nyangwine, kiungo cha nne kina ufa."

"Kikubwa?"

"Kidole."

Nyangwine akatafuna. "Kidole cha nani? Changu au chako?"

"Sitanii, mura," akasema Heche, akimwita kijana kwa lugha ya kwao.

"Nami sitanii. Lori peke yake tani tatu na nusu. Hao akina mama wa ngoma, wewe mwenyewe unawaona, hao si wa kupimwa kwa debe." Alitupa ganda. "Kitalia kwanza? Nikisikia kinalia nirudi nyuma?"

"Hakilii. Chuma cha makaa mengi hakipindi, hakikupi habari. Kitakaa kimya, halafu kitakatika kama kigae."

"Basi nitasema gari limegoma. Nalegeza bomba la dizeli, hewa inaingia, nani atajua?"

Heche alilifikiria hilo. Lilikuwa jepesi, na jepesi lilimvuta. Gari lingegoma, mgeni angeondoka, hakuna ambaye angefungwa. Na jioni Nyangwine angelitengeneza gari, na mashine ingeondoka nalo, na daraja lingebaki na ufa wake na rangi yake, likingoja siku nyingine watu wengine.

"Usiliguse," akasema.

Saa nne kasoro, Landrova ya kijani ikaonekana ng'ambo, ikashuka polepole, ikasimama mbele ya mto. Ng'ambo hii honi ya lori ikapigwa. Wanawake wakaanza kupanda, wakivutana mikono na kucheka, njuga zikilia. Mokami alikuwa wa mwisho chini. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, akageuka, akamtazama shemeji yake.

Heche akatembea mpaka mdomo wa daraja, akasimama katikati ya mbao, amelowa, chokaa mpaka viwikoni.

"Lori lisipite," akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini ngoma ilikuwa bado haijaanza, na watu wakasikia. Werema mgambo akasogea. Hezekia akaja mbio akitabasamu kwa ajili ya watu wa ng'ambo.

"Mzee amechoka, amefanya kazi sana..."

"Kiungo cha nne kina ufa," akasema Heche. Miaka miwili alikuwa na orodha ya watu wa kulaumu, na ilikuwa tayari mdomoni, kuanzia huyu wa kalamu nne mpaka wale wa juu ambao hakuwajua sura. Aliwaangalia wanawake ndani ya lori. "Mimi ndiye nilikichomea. Nilikichomea baridi, na nilijua. Akina mama, shukeni."

Kisha Mokami akautoa mguu wake kwenye ngazi.

"Mmesikia," akawaambia wenzake. "Shukeni. Agustina, mpokee mtoto huyo."

"Hakuna kushuka," akasema Hezekia.

"Basi panda wewe, mwanangu," akasema Mokami. "Wewe ni mwepesi. Nafasi ipo."

Mtu akacheka nyuma, akajizuia. Nyangwine alishuka kutoka kiti chake, akamnyooshea Katibu Tarafa ufunguo wa gari kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Hezekia aliutazama ufunguo. Hakujua kuendesha, na kila mtu alijua.

Wakati huo mgeni rasmi alikuwa anavuka kwa miguu, mtu mzima mwenye miwani, fimbo mkononi, watu wawili nyuma yake. Alifika katikati ya daraja akasimama.

"Kuna nini?"

Hezekia akaeleza haraka: fundi ni mzee, alifiwa, akili yake haijatulia, kiungo kimegongwa jana na ni kizima.

"Fundi ni nani?"

"Mimi."

"Unaweza kuonyesha hicho unachosema?"

Ufa ulikuwa umefutwa kwa kidole gumba, na chokaa na mafuta vilikuwa chini ukingoni. Heche angeweza kuvichukua, apake, wangoje. Lakini aliwatazama wakubwa wale, akaona kwamba mstari wa unywele hautawatosha. Watasema ni mafuta, kama mwenzao.

"Nipeni nyundo kubwa," akasema. "Nikipiga mara kumi kikashika, lori lipite, na mimi mnipeleke mnakotaka kwa kosa la uongo."

"Piga," akasema mgeni.

Aliingia majini. Akapanda juu ya jiwe chini ya mhimili, akatafuta pa kukanyagia. Nyundo ilikuwa ya ratili kumi na nne. Juu yake watu walijipanga ukingoni mpaka nyasi zikalala.

Ya kwanza alipiga, mikono ikatetemeka mpaka mabegani. Chuma kikalia vizuri. Ya pili. Kikalia. Ya tatu, na vumbi la kutu likamwangukia machoni. Kikalia, safi, kama kizima, na Hezekia juu akasikika akihesabu kwa sauti.

Hapo ndipo Heche alipogundua kitu kilichomtisha kuliko ufa. Alikuwa anapiga kwa huruma. Mikono yake yenyewe ilikuwa inaipunguzia nyundo uzito kabla ya kufika, kama mtu anayemwadhibu mtoto wake mbele ya jirani. Kikishika mara kumi, daraja linafunguliwa. Leo. Mbele ya macho yake. Na nani ajuaye, huenda lingeshika dakika, huenda mwezi, huenda mwanamke mmoja mwenye uchungu angevuka kabla.

"Nne," akasema Hezekia. "Tano."

Aliteremsha nyundo. Akapangusa macho. Kwenye ukingo aliziona njuga za Mokami, na juu ya njuga miguu yake imekanyaga palepale kitanda cha kamba kilipowekwa chini siku ile.

Akainua nyundo mpaka nyuma ya bega, akapiga kama anayempiga adui.

Chuma hakikulia. Kilitoa mlio mfupi, mkavu, kama sahani inayoanguka kwenye saruji, na reli ya chini ikaachana mahali pa mshono. Vipande viwili vikatazamana, katikati panapita vidole vitatu. Ndani chuma kilikuwa cha kijivu, chenye chembechembe zinazong'aa, ila sehemu moja yenye upana wa sarafu ilikuwa imeloa mafuta ya taa. Mbao za juu zikashuka kidogo na kutulia juu ya reli ya pili.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mgongoni kwa mke wa Waitara alianza kulia, akanyamazishwa.

Mgeni alishika ukingo wa mbao, akavuta miguu yake nyuma. Alitazama saa. Wakubwa hawakawii mahali palipovunjika. "Andika taarifa," akamwambia Hezekia, "na huyo aliyekiri achukuliwe maelezo polisi." Akarudi ng'ambo kwa hatua fupi fupi, na Landrova ikageuza.

Werema alimpeleka Heche ofisi ya kijiji, chumba kimoja cha udongo chenye benchi. Alimfungia mlango kwa kamba kwa kuwa kufuli lilipotea. "Unisamehe, tata," alisema akifunga, kama mtu anayemwomba radhi baba yake.

Adhuhuri Hezekia aliingia. Mifukoni kalamu zilikuwa zimebaki mbili. Alikaa kwenye benchi lilelile, si karibu, si mbali.

"Mgeni ameniachia barua na mimi," akasema. "Anauliza nani aliandika limekamilika."

Pole ya Heche ilikuwa imekwisha siku nyingi.

"Nyangwine anasema lori halitawaka leo, bomba lina hewa," Hezekia akaendelea. "Sijamwuliza litawaka lini. Kwa hiyo mashine bado ipo. Unahitaji nini?"

"Watu wote uliowachukua. Na wanaume wa kuinua mhimili kwa magogo. Mavi makavu matenga arobaini. Nikate pande zote mbili za ufa mpaka chuma kizima, nipashe moto, nichomee chini na juu. Na mtu asinikaribie na tarehe."

"Polisi watakuja kukuchukua Jumamosi."

"Jumamosi kitakuwa ndani ya jivu. Kinapoa usiku na mchana. Akitoka mtu hapa akalifunua jivu kwa haraka, ni bure tena, na mimi sitakuwepo. Waje Jumatatu."

"Mzee, mimi siwezi kuwapangia polisi."

"Uliweza kupanga mwezi uliopita daraja limekwisha. Panga na hili."

Hezekia akatoa kalamu moja, akaandika, akamwita Werema apeleke barua polisi kwa baiskeli.

Walimtoa akafanye kazi chini ya ulinzi, na ulinzi wenyewe ulikuwa unabeba matenga. Mokami aliwaleta wanawake wote thelathini na wawili, na safari hii hakuna aliyesema habari ya uji. Heche alikata, akanoa, akatazama cheche, akapaka mafuta na chokaa mpaka chokaa ikabaki nyeupe. Ijumaa mchana kutwa moto ulikaa. Sabuni ilipogeuka kahawia, alishusha kioo na hakukipandisha mpaka mshono wa mwisho. Jumapili mchana akafunua jivu kwa mkono, akaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Jumatatu gari la polisi lilikuja kwa njia ya mzunguko, safari ya siku nzima. Askari mmoja na dereva. Hezekia naye alitakiwa kwenda kutoa maelezo. Askari alitazama njia aliyotokea, akatazama daraja.

"Linapitika?"

"Muulize huyo," akasema Hezekia.

"Linapitika," akasema Heche. Alikuwa amekaa nyuma, pingu mkononi, kwenye benchi la chuma.

Askari akafikiri. "Wote tushuke. Gari livuke tupu na dereva. Sisi kwa miguu."

Hezekia alishuka upesi, akaanza kuvuka juu ya mbao, macho mbele. Askari akashuka. Akamgeukia Heche na kumfungulia mlango wa nyuma.

"Shuka, mzee."

"Mimi nakaa."

"Nimesema wote."

"Umeniuliza kama linapitika, nimekujibu. Nakaa."

Askari alimwangalia, akaangalia maji chini, akafunga mlango. Dereva akavuta pumzi, akatia gia ya kwanza. Magurudumu ya mbele yakapanda mbao, zikalalamika kama mbao mpya zinavyolalamika. Wakapita kiungo cha kwanza, cha pili. Wakapita nguzo ya mawe. Heche aliinamisha kichwa karibu na sakafu ya gari, akasikiliza. Cha tatu. Gari likawa juu ya cha nne, kwanza mbele, kisha nyuma, na uzito wake yeye mwenyewe ndani yake. Hakusikia kitu.

Ng'ambo dereva alisimamisha gari, akapangusa mikono kwenye suruali. Hezekia akafungua mlango wa nyuma, akapanda na kukaa kwenye benchi la mbele yake. Wakamngoja askari, ambaye alikuwa bado katikati ya daraja, anatembea taratibu, ameshika ukingo.